Njia uliyokimbia ni mali yako, usiigawe ovyo

Siku hizi ni nadra kumuona Mswahili wa ughaibuni akifanya mazoezi bila ya saa ya GPS mkononi. Nenda kandokando ya mto Thames mjini London asubuhi ya Jumamosi, au nenda ufukwe wa Qurum mjini Muscat baada ya sala ya Alfajiri kabla jua halijakuwa kali. Utawakuta ndugu zetu, wake kwa waume, wengine wanakimbia na wengine wanatembea kwa sababu daktari amewaambia sukari imepanda. Kila mmoja akifika mwisho huinua mkono na kubonyeza saa yake. Ni jambo jema na tunaliunga mkono. Lakini kubonyeza huko ndiko kunakozaa faili, na faili hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu tunaona wengi wetu tunalikabidhi kwa watu tusiowajua bila ya kufahamu ndani yake mna nini.

Mambo huanza pale mtu anapotaka kuiona njia yake juu ya ramani. Saa nyingi huhifadhi safari katika faili la aina ya FIT, muundo unaosimamiwa na kampuni ya Garmin na kutumiwa pia na saa za makampuni mengine. Ni faili lililobanwa ili lisichukue nafasi, na ramani nyingi hazilifungui. Google Earth inapendelea KML. Programu nyingi za ramani za kwenye simu zinataka GPX au KML. Basi mtu anaingia mtandaoni, anatafuta namna ya kugeuza FIT kuwa KML, inatoka orodha ndefu ya tovuti za bure, anabofya ya kwanza, anapakia faili lake, anasubiri sekunde kumi, anapakua jipya. Kazi imekwisha na hakulipa hata senti moja. Nani aliyemfanyia kazi ile? Yuko nchi gani? Na lile faili la kwanza limebaki wapi? Hapana anayeuliza.

Sisi msimamo wetu ni huu: kugeuza faili lako ni haki yako, na ni jambo linalofaa kila mwenye saa hizi alijue. Lakini kazi hiyo ifanyike nyumbani, kwenye kompyuta yako mwenyewe, na kabla faili halijatoka kwenda kwa mtu yeyote, likatwe mwanzo wake na mwisho wake.

Kwanza tutazame lina nini. Kila sekunde, au kila baada ya sekunde chache, saa huandika mahali ulipo kwa latitudo na longitudo, mwinuko wa ardhi, tarehe na wakati, na kama ina kifaa cha kupima moyo basi na mapigo ya moyo wako. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Tarakimu nne baada ya nukta zinakuonyesha kwa kiasi cha mita 11, na tarakimu tano kwa kiasi cha mita moja. Mafaili haya huandika zaidi ya tano. Ni kweli kwamba setilaiti zenyewe hukosea kwa mita chache, hasa baina ya majengo marefu, lakini mita chache hazimfichi mtu. Zaidi ya hapo, hufanyi mazoezi mara moja. Mafaili ya mwezi mmoja yanatosha kueleza unalala nyumba gani, unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, na uchochoro gani unaupita ukiwa peke yako kukiwa bado na giza.

Inafaa kukumbuka kwamba usahihi huu si wa zamani sana. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani, yenye setilaiti za GPS, ilikuwa ikiichafua kwa makusudi ishara inayotumiwa na raia, na mtu aliweza kuonyeshwa mahali palipo mbali na alipo kwa kiasi cha mita 100. Rais Bill Clinton alipoamuru uchafuzi huo usitishwe, kifaa cha dukani kikawa na uwezo wa kumfuata mtu hadi barazani kwake. Tabia zetu za tahadhari bado hazijaufikia uwezo huo.

Wapo watakaosema: mimi si waziri wala si jenerali, nani atajishughulisha na mbio zangu? Hoja hii tumeisikia mara nyingi na haituridhishi. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia iliyokusanya njia za wateja wake, bila ya majina. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha hadharani kwamba katika sehemu za Syria na Afghanistan zilizokuwa giza kwenye ramani ile, vinang'aa vimistari vya askari waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi zao. Julai mwaka huo huo waandishi wa Bellingcat na De Correspondent walieleza jinsi ramani ya kampuni ya Polar ya Finland ilivyowawezesha kupata majina na nyumba za askari na maofisa wa usalama, na Polar ikalazimika kuifunga ramani hiyo kwa muda. Mwezi Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa likaandika namna walinzi wa marais wa Ufaransa, Marekani na Urusi walivyoweza kufuatiliwa kwa mbio zao za asubuhi.

Hao ni watu ambao kazi yao ni siri, wamefundishwa na wanalipwa kwa ajili hiyo, na bado wamejianika. Sisi tusiofundishwa tuna kinga gani? Dada anayekimbia peke yake alfajiri mjini Leicester hahitaji kuwa mlinzi wa rais ili awe na mtu ambaye hataki aujue mlango wake. Wapo waliokimbia ndoa za mateso na kuhama mji. Wapo wanaodaiwa na watu wasio na huruma. Wapo waliohama nchi zao kwa sababu za kisiasa na wana haki ya kuamini kwamba anuani yao haijulikani. Na yupo huyu wa kawaida kabisa, anayeondoka na familia nzima kwenda likizo nyumbani kwa wiki sita, akawa kila siku anatuma njia alizokimbia huko Tanga au Pemba, ilhali njia za mwezi uliopita zimeshaonyesha wazi nyumba yake ya Ulaya iko wapi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Strava na huduma nyingine zina uwezo wa kuficha eneo la nyumbani kwako, wenzako wasilione kwenye ukurasa wako. Ni vizuri kuutumia uwezo huo. Lakini ufichaji ule uko kwenye ukurasa, hauko kwenye faili. Ukilipakua faili lako mwenyewe, linakuja zima, kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Ukilipeleka kwenye tovuti ya kugeuza, limekwenda zima. Ukilituma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200, limekwenda zima, na hao 200 wana simu 200 na marafiki wao.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba dawa ni kuyaacha mafaili yakae huko huko kwenye kampuni. Huko nako si salama, kwa sababu nyingine. Huduma ya Endomondo, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2007 na baadaye kununuliwa na Under Armour ya Marekani, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Wateja walipewa muda wa kuchukua vyao, na asiyechukua ndani ya muda huo alipoteza mazoezi ya miaka. Mwezi Julai 2020 Garmin yenyewe ilivamiwa na wadukuzi, mifumo yake ikafungika, na kwa siku kadhaa wateja duniani kote hawakuweza kuyaona mazoezi yao. Aliyekuwa anajua kuchomeka saa yake kwenye kompyuta na kulichukua faili lake kwa mkono hakusumbuka hata kidogo. Wazee wetu wa biashara walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi haya nayo ni mali, na daftari lake liwe kwako.

Sasa tuje kwenye kugeuza kwenyewe. Watu hukimbilia tovuti za bure kwa kudhani kwamba ni kazi ya mafundi wakubwa. Si hivyo. FIT haiandiki digrii kama tunavyozijua. Inagawa nusu duara, yaani digrii 180, kwa vipande zaidi ya bilioni mbili, na kuandika idadi ya vipande. Latitudo ya Forodhani, mjini Unguja, inakuwa ni namba ya zaidi ya milioni 73 chini ya sifuri. Wakati nao unahesabiwa kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 31 Desemba 1989. Programu ya kugeuza kazi yake ni kufanya hesabu hizi na kuandika jibu kwa maandishi ya kawaida. GPX, iliyotolewa mwaka 2002, ni maandishi matupu ambayo unaweza kuyafungua na kuyasoma kwa programu yoyote ya kuandikia. KML nayo ni maandishi. Ilianza kwa kampuni ya Keyhole, iliyonunuliwa na Google mwaka 2004, na mwaka 2008 ikawa kanuni ya kimataifa iliyo wazi kwa kila mtu.

Makosa yanayotokea nayo si ya ajabu. GPX hutaja latitudo kwanza, KML hutaja longitudo kwanza. Programu mbovu ikizigeuza, aliyekimbia Forodhani atajikuta Uhispania, baina ya miji ya Cáceres na Mérida. Ikiidondosha alama ya kutoa, ambayo ndiyo inayosema kwamba tuko kusini ya ikweta, atajikuta kusini mwa Ethiopia. Na wakati huandikwa kwa saa ya kimataifa, si ya kwetu: aliyetoka saa kumi na mbili za asubuhi pale Unguja faili litamuandika 03:00, yaani saa tisa za usiku kwa hesabu ya Kiswahili. Jirani akiliona asije akadhani huyu ni mwanga, anazunguka mtaa watu wamelala. Ukiyajua haya matatu, utaweza kulikagua faili lolote lililogeuzwa na kujua kama limegeuzwa sawasawa.

Kwa anayetaka kufanya, ushauri wetu ni huu. Kwanza, tazama kama unahitaji kugeuza kabisa. Garmin Connect, ukiifungua kwenye kompyuta, inakupa zoezi lako kwa GPX au kwa faili la Google Earth bila ya kupita kwa mtu mwingine. Strava nayo inakupa GPX ya mazoezi yako. Kampuni hizo faili lako tayari wanalo, kwa hiyo hujaongeza mtu wa tatu. Wengi wanaohangaika na tovuti za kugeuza wangemaliza kazi yao hapo.

Pili, kama faili unalo wewe kutoka kwenye saa, ipo programu ya bure iitwayo GPSBabel, ya zaidi ya miaka 20 sasa, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Unaiambia faili linaloingia ni la Garmin FIT na linalotoka liwe GPX au KML, basi. Ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti kufanya kazi hiyo, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Tatu, ukilazimika kutumia tovuti, ipime kwanza. Zipo tovuti zinazofanya kazi yote ndani ya kivinjari chako bila ya kulipeleka faili popote, na zipo zinazolipeleka kwenye kompyuta zao. Namna rahisi ya kuzitofautisha: fungua ukurasa hadi umalizike, kisha zima intaneti, halafu ujaribu kugeuza. Ikifanya kazi, faili lako halihitaji kusafiri. Ikigoma, jua kwamba kazi yake haifanyiki bila ya mtandao, na hapo ujiulize kama unamuamini aliye upande wa pili. Maneno yaliyoandikwa chini ya ukurasa kwamba mafaili hufutwa baada ya saa moja ni ahadi tu, na wewe huna njia ya kuikagua.

Nne, faili la asili usilifute. KML kwa kawaida huchukua njia tu, na mapigo ya moyo na mengineyo hubaki nyuma. Ukiwa na KML peke yake huwezi kurudi kwenye FIT ukapata kilichopotea. Akiba haiozi.

Tano, kata ncha. GPX uliyoifungua kwa programu ya kuandikia ina mistari ya nukta moja baada ya nyingine, na unaweza kufuta za mwanzo na za mwisho. Usikate umbali ule ule kila siku. Ukikata mita 200 kila upande, na leo umekwenda kaskazini, kesho mashariki, keshokutwa kusini, ncha zako zitachora duara na mlango wako utakuwa katikati yake. Kata kwenye alama ya watu wote: kituo cha basi, msikiti, kanisa, soko, lango la bustani. Njia ianzie hapo na iishie hapo.

Baada ya tahadhari hizo tunapenda pia kusema kwamba mafaili haya yana faida kubwa kuliko kujionyesha, na ndiyo maana hatutaki watu wayaogope. Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, hujenga ramani ya dunia kwa kazi ya watu wa kujitolea na hupokea njia za GPX. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS na kuutoa mtaa ule kwenye uwazi mtupu wa ramani. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi na wakaazi wa Dar es Salaam kuchora kata zinazofurika mvua zikinyesha. Ramani hizo hazikuchorwa na setilaiti peke yake. Zilichorwa na watu waliotembea kwa miguu.

Sisi tunaokwenda nyumbani likizo tunakimbia na kutembea kwenye njia za mashamba ambazo ramani nyingi hazina habari nazo, chini ya mikarafuu na minazi, pahala ambapo picha ya angani haioni ardhi. Wakati mwingine ndizo njia ambazo mgonjwa hubebwa kufikishwa barabarani, na aliyetumwa kumfuata na gari hajui aingilie wapi. Mwinuko wa kilima na kona ya njia tayari vimo ndani ya saa yako. Na kwa kuwa ni miguu yako iliyopita, hujanakili ramani ya kampuni yoyote, na hapana atakayekudai haki yake. OpenStreetMap inahitaji nukta ziwe na wakati wake, kwa hiyo huko usiufute. Kata ncha tu, na uchague njia ipokelewe bila ya jina lako.

Sheria nayo imeanza kusimama upande wetu. Ulaya, tangu tarehe 25 Mei 2018, sheria ya ulinzi wa taarifa inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake kwa muundo unaosomeka na kompyuta nyingine. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019 na haki hiyo imo. Oman ilitoa sheria ya taarifa binafsi mwaka 2022, na Tanzania ilipitisha yake mwaka huo huo, ikaanza kazi Mei 2023. Kwa hivyo mwenye kuiandikia kampuni na kudai mazoezi yake yote anadai chake, wala haombi hisani.

Lakini sheria haimfundishi mtu kubofya. Kuna vijana wetu wengi waliosomea kompyuta, wako Nairobi, Dar es Salaam, Muscat, Minneapolis na Birmingham. Tunawaomba jambo moja lisilo kubwa: tengenezeni ukurasa wa kugeuza mafaili haya kwa Kiswahili, unaofanya kazi ndani ya kivinjari bila ya kupeleka kitu popote, wenye kitufe kimoja cha kukata ncha. Mama aliyeambiwa na daktari atembee nusu saa kwa siku, na mwanawe akamnunulia saa, hawezi kusoma kurasa kumi za masharti kwa Kiingereza. Anachojua ni kwamba anataka kumuonyesha mwanawe alipofika. Anastahili kuweza kufanya hivyo bila ya kumuonyesha kila mtu anapolala.

Hadi ukurasa huo utakapopatikana, tunawakumbusha wasomaji wetu: kimbieni, tembeeni, gezeni mafaili yenu kwa mikono yenu, na mnapoyatoa yaanzie kituo cha basi.